Ombi Lililofika Kituoni

Faili la Mpiga Kengele lilikuwa safi mno, na Inspekta hakupenda mafaili safi. Alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa ameketi, kisha akalibeba mpaka ofisini kwa mkuu wa kituo na kuliweka mezani mbele yake.

"Kuna nini tena?" Mkuu aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mashahidi hawa wawili, afande. Wamesema maneno yale yale."

"Ndiyo maana wakaitwa mashahidi."

"Yale yale kabisa. 'Alitoka kwa mlango mdogo wa stoo, ameinama, dumu la njano mkononi, akitazama nyuma kama mtu aliyefukuzwa.' Huyu kasema hivyo na yule kasema hivyo. Hata hapo kwenye kufukuzwa hawakupishana."

Mkuu alicheka. Kwa jumla alikuwa mtu mwema, ila alipenda kwenda nyumbani mapema. "Stoo ya kanisa imeungua. Kinanda kimekwenda, majoho ya kwaya yamekwenda, nusura paa nalo liende. Kina mama wawili, wacha Mungu, wenye akili zao timamu, wamemwona mtu akitoka na dumu. Unataka shahidi gani mwingine, Inspekta? Malaika?"

"Nataka mpaka jioni."

"Kesho asubuhi anapandishwa kizimbani. Kuchoma nyumba ya ibada, unajua mwenyewe adhabu yake. Atatoka huko hana jino." Mkuu alilisukuma faili kwake. "Haya, dada yangu, mpaka jioni. Na usiniletee hadithi."

Mpiga Kengele alikuwa peke yake mahabusu. Wengine wote walikuwa wameshatolewa kwa dhamana, kila mmoja na ndugu zake waliokuja kupiga kelele kaunta. Yeye hakuwa na wa kumpigia kelele. Inspekta alimuuliza askari wa zamu ni nani anayemletea chakula, na askari akajibu kwamba hakuna, wanamgawia chao.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alikuwa amekaa sakafuni, viatu vyake amevipanga ukutani sawasawa, kama mtu aliye ugenini.

"Mchungaji amefika?" aliuliza kabla hajaulizwa.

"Bado."

"Labda yuko safarini."

"Hayuko safarini," Inspekta alisema. "Nimemwona leo asubuhi."

"Aa." Mpiga Kengele alitikisa kichwa polepole. "Basi ana kazi nyingi."

Inspekta alivuta kigoda akakaa. "Nani ana neno na wewe pale kanisani?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu asiye na mtu wa kumsema."

"Mimi napiga kengele, nafagia, nalala chumba cha nyuma. Watu wananikumbuka choo kikiziba, afande. Wa kunichukia atoke wapi?"

"Siku ya moto ulitokaje stoo?"

"Sikuingia stoo. Nilikuwa chumbani na homa. Moshi ndio ulioniamsha, nikakimbilia kengele. Kengele waliyoisikia watu wote jioni ile niliipiga mimi, hawa hawa walionileta hapa wakatoka na ndoo zao."

"Mashahidi wanasema ulitoka kwa mlango mdogo."

Kwa mara ya kwanza aliinua uso. "Mlango mdogo upi?"

"Wa stoo, ule wa nyuma."

"Ule haufunguki, afande! Tulipoletewa mabenchi mapya, yale ya zamani tuliyarundika hapo hapo mlangoni mpaka juu. Niliyapanga mimi mwenyewe, mgongo ukaniuma kweli kweli. Siku hizi stoo inaingiwa kwa ndani, unapitia kanisani."

"Ulimweleza hivyo aliyekuhoji?"

"Aliniuliza kama nimechoma. Nikamwambia sikuchoma. Akaniambia ninyamaze." Alivitazama viatu vyake. "Nikanyamaza."

Lo, mpelelezi aliyemhoji alikuwa anakaa meza ya jirani na ya Inspekta, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Inspekta alitoka pale na hasira iliyokosa pa kwenda, ikabidi aende nayo kanisani.

Kanisa lilikuwa tupu na linanuka moshi uliolala. Alipita kati ya mabenchi mapya, akasukuma mlango wa ndani wa stoo, akasimama kizingitini mpaka macho yakazoea weusi. Mabenchi ya zamani yalikuwa pale pale yaliposemwa. Yale ya juu yalikuwa yameungua na kuanguka, lakini ya chini yalikuwa yamebaki yamebanana na mlango mdogo, na nyuma yake komeo lilikuwa limekaa mahali pake, limejaa kutu. Hata paka asingepita hapo. Alipiga picha, akaenda upande wa pili, kwenye kilichobaki cha meza ya kupigia pasi. Pasi ilikuwa imezama ndani ya ubao. Aliufuata waya wake kwa kidole mpaka ukutani, na hapo akakuta plagi bado imo kwenye soketi, imeyeyuka yote.

Basi moto ulianzia kwenye pasi. Na waliokuwa wakipiga pasi majoho ya kwaya kanisani pale walikuwa ni nani, kama si mashahidi wale wale wawili, walioandikwa kwenye faili kuwa washonaji wa kwaya? Inspekta alijiona amemaliza kazi. Wameunguza wenyewe, wakamtafuta mnyonge wa kumbebesha. Alifunga mlango, akaenda kuwakamata.

Mama Sauti na Mama Mapacha walikuwa na kibanda cha ushonaji kimoja. Mama Sauti ndiye mwenye mashine mpya, ndiye mwenye ufunguo, na ndiye kiongozi wa kwaya. Jina alipewa kwa haki, maana alikuwa akisalimia mtu huku watu wawili wa mbele wakigeuka. Mama Mapacha alikuwa mdogo kwa umri na kwa umbo, na alikuwa akishona vifungo bila kuongea. Siku hiyo walikuwa wakishona majoho mapya. Inspekta alimchagua mwenye sauti ndogo, akamtoa nje hadi kwenye benchi la wateja.

"Mama, yale mabenchi ya zamani ya kanisani mliyaweka wapi?"

"Si yako stoo? Tumeyarundika pale kwenye ule mlango mdo..."

Mama Mapacha akakwama. Mdomo ulibaki wazi kidogo, kisha akaufunga.

"Endelea," Inspekta alisema. "Mlango mdogo. Aliotoka mtu na dumu."

Mama Mapacha aliinamia vidole vyake.

"Tuache hilo kwanza. Siku ya moto mlikuwa stoo?"

"Mchana. Tulikuwa tunapiga pasi majoho. Umeme ukakatika, tukangoja weee, tukachoka, tukaondoka."

"Pasi mliichomoa?"

Mama Mapacha alimtazama kama hakuelewa swali. Halafu akaelewa. Mkono ulikwenda kinywani wenyewe. "Mungu wangu. Umeme ulirudi jioni... Mungu wangu wee! Ina maana ni sisi?"

Alianza kulia, na Inspekta aliyekuja na maneno ya kukamata mtu aliyameza. Alikuwa amewaona wengi wakilia kwenye kazi yake. Huyu alikuwa analia kwa jambo alilolijua dakika hiyo hiyo. Kama hakujua habari ya pasi, hakuwa na sababu ya kumtafutia mtu kosa. Hesabu yote aliyoipiga stoo ikavurugika.

"Mama, sikiliza. Ulimwona Mpiga Kengele jioni ile, au hukumwona?"

Mama Mapacha alifinya kitambaa cha joho mapajani.

"Yuko ndani, anakula chakula cha polisi. Kesho anakwenda mahakamani kwa maneno yako."

"Sikumwona," Mama Mapacha alisema, akifuta pua kwa kitambaa cha joho.

"Uliambiwa na nani?"

"Sikuambiwa! Sisi hatusengenyi, dada." Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli, hata akajikunjua mgongo. "Mchungaji alishatuhubiria. Alisema ile amri ya kutomshuhudia jirani uongo hatuivunji mahakamani tu, tunaivunja vibarazani kila siku, na mtu akibeba jina la mwenzake toka nyumba hii mpaka ile atajibu kwa kila nyumba. Kina mama wote tukasimama, tukaapa. Tangu hapo hatuzungumzi habari za mtu. Tukiwa na neno, tunamwambia Mungu."

"Kwa sauti?"

"Sasa maombi ya pamoja utaomba kimoyomoyo?"

Inspekta aliliacha neno hilo lipite taratibu. "Na Mpiga Kengele aliombewa na nani?"

"Mama Sauti."

"Aliombaje?"

Mama Mapacha alifumba macho, na maneno yakamtoka bila kutafutwa. "'Bwana, wewe umemwona ndugu yetu alivyotoka kwa mlango mdogo wa stoo, ameinama, dumu la njano mkononi, akitazama nyuma kama mtu aliyefukuzwa. Mrehemu, Bwana, asipotee.'"

"Wewe ukasemaje?"

"Nikasema amina."

"Na mabenchi unayajua."

"Nitaikatizaje sala, dada? Nimwambie Mungu angoje kwanza, kuna mabenchi?"

Inspekta alitaka kucheka, akashindwa. "Na kule kituoni ukasema uliona kwa macho yako."

"Ningesema nimesikia, si yangekuwa masengenyo? Na ya kwenye maombi hayatoki nje, nayo tuliapa." Sauti ilishuka mpaka karibu ipotee. "Mwenzangu alishasema ameona. Nikaona na mimi niseme hivyo hivyo. Tulitaka tu atubu."

Katika miaka yake yote ya kazi Inspekta alikuwa amesikia watu wakidanganya kwa woga, kwa tamaa, kwa mapenzi, na wengine kwa mazoea tu. Hakuwahi kukutana na mtu aliyetoa ushahidi wa uongo mbele ya polisi ili asije akawa msengenyaji. Aliingia kibandani.

Mama Sauti hakusimamisha mashine. "Mimi nimeshatoa maelezo, nimetia sahihi. Mnanitaka nini tena?"

"Mabenchi, mama."

Mashine ikasimama.

"Wewe unaingia stoo ile kila mara. Usingeota hata siku moja kusema mtu ametoka kwa mlango ule. Aliyekupa habari hiyo ni mtu anayelijua kanisa vizuri, ila alilijua kabla mabenchi mapya hayajaletwa. Hajaingia humo tangu hapo, na hakuna aliyemweleza kwamba pamezibwa. Hayo maombi mliyafanyia kwa nani?"

"Siwezi kusema. Ni mambo ya kiroho."

"Kwa nani asiyekuja tena kanisani?"

Mama Sauti aliinamia kitambaa chake. Lakini Mama Mapacha, aliyekuwa amesimama mlangoni na macho mekundu, aligeuza uso akatazama upande wa juu wa barabara, nyuma ya kanisa, kwenye nyumba ndogo yenye ukumbi mbele.

"Kwa Bibi," alisema. "Bibi anauona mlango ule toka ukumbini kwake."

"Funga mashine, Mama Sauti. Tunakwenda wote."

Inspekta aliwaacha kina mama ukumbini, akaingia peke yake. Kabla ya kuingia aligeuka kutazama. Kweli, toka pale ukumbini mlango mdogo wa stoo ulionekana vizuri, umefungwa. Ndani ya chumba ilikuwa habari nyingine. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani na kipande cha njia. Chini ya dirisha palikuwa na kitanda, na kitandani Bibi ameketi juu ya mito, miguu imefunikwa shuka. Alikuwa amekula chumvi nyingi, lakini macho yalikuwa yanacheza. Mezani palikuwa na chupa ya chai, na vikombe vingi vimefunikwa kwenye sinia, safi, vya wageni.

"Karibu mwanangu, karibu! Nasikia sauti huko nje, ni wanangu wa maombi? Mbona leo si siku yao? Vuta kiti. Kaa, mimina chai."

"Asante, Bibi. Mimi ni polisi."

"Hata polisi anakunywa chai."

Inspekta alimimina, akanywa, kwa sababu aliona jinsi kikombe kile kilivyokuwa kikitazamwa. "Bibi, miguu inakusumbua tangu lini?"

"Oo, zamani. Ilikataa taratibu, halafu ikakataa kabisa. Kanisa lile nilikuwa nafagia mimi, unajua? Maua ya madhabahuni mimi. Mpwa wangu hunipikia asubuhi, akaenda kazini. Anarudi kulala."

"Na siku ya moto ulikaa ukumbini?"

"Ndiyo. Nikamwona yule bwana akitoka na dumu lake."

"Nani alikutoa nje?"

Bibi alikunja pembe ya shuka, akaikunjua. Inspekta alingoja.

"Mpwa alikuwa kazini," Inspekta alisema taratibu. "Kina mama walikuwa kanisani, halafu makwao. Ni nani hukutoa ukumbini, Bibi?"

"Hakuna."

"Mara ya mwisho kutolewa ilikuwa lini?"

"Sikumbuki, mwanangu." Macho yalikuwa yameacha kucheza. "Nilisikia kengele. Nikasikia watu wanapiga mayowe, moto, moto. Nikaita, jamani kuna nini? Nikaita sana. Watu wanapita njiani hapo, hakuna aliyegeuka. Nilikaa na moshi wenu humu ndani nisijue kama unakuja kwangu au hauji. Hofu niliyoipata usiulize."

"Pole, Bibi."

"Wakaja siku ya maombi. Nikawaambia tu, tumwombee yule Mpiga Kengele, isije ikawa ameunguza yeye, maana analala humo. Basi wakanigeukia wote. Viti vikasogea. 'Kwani umeona nini, Bibi?' Mwanangu, hujui ilivyo kuulizwa. Huku kwangu watu huja wakaimba, wakaomba, wakanywa chai, wakaenda. Hakuna anayeniuliza neno. Nikasema mlango mdogo. Wakasogea tena. Nikasema dumu."

Hapo akalia, kilio kidogo kisicho na sauti, na Inspekta akamshika mkono kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuushika.

"Inabidi uliseme hili mbele yao, Bibi. Na mimi niliandike."

"Nikisema, watarudi siku ya maombi?"

Lilikuwa swali jepesi kulijibu. Neno moja tu, na mzee wa watu angetulia. Inspekta alilitazama neno hilo, akaliacha.

"Nadhani hawatarudi."

"Ungesema watarudi, ningesema upesi."

"Najua."

Bibi alijifuta uso kwa shuka. "Yule bwana, huko mlikomweka, yuko na nani?"

"Peke yake."

"Nani amekwenda kumwona?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja? Hata Mchungaji?"

"Hata mmoja, Bibi."

Bibi alitazama kile kipande cha njia dirishani. Hapakuwa na mtu aliyepita. "Waite," alisema.

Waliingia wakiwa wameinamisha vichwa, wakajipanga miguuni pa kitanda, na kwa mazoea tu wakafumba macho.

"Fumbueni," Bibi alisema. "Leo siombi, nasema. Sikumwona yule bwana. Sikumwona mtu yeyote. Nilidanganya."

"Bibi!" Sauti ya Mama Sauti ilitikisa vikombe kwenye sinia. "Umenifanya nisimame mbele za Mungu kwa uongo!"

"Mlango na dumu ni vyangu, na nitavijibu. Kuinama na kutazama nyuma uliongeza wewe, mwanangu."

Mama Sauti alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake hakikutoka kitu. Alitazama huku na huku, kisha akajifunga kanga yake kwa nguvu. "Mchungaji ataambiwa. Kikundi kitatafuta nyumba nyingine."

"Kabla ya Mchungaji, kituoni," Inspekta alisema. "Mtabadilisha maelezo yenu sasa hivi, wote wawili, na mtaeleza habari ya pasi. Mkuu huondoka mapema. Mkimkosa, mtu wa watu atalala ndani kwa ajili yenu."

Mama Sauti alitoka bila kuaga. Mama Mapacha alibaki kidogo mlangoni, mkono juu ya fremu, akamtazama Bibi kana kwamba ana neno. Halafu aliitwa toka nje kwa jina lake, akaenda. Chai yao ilibaki haijamiminwa.

Inspekta alimpigia mkuu wa kituo simu akiwa amesimama pale pale. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akaguna, akasema wakifika wawili hao na sahihi zao, na karatasi ya huyo mzee ikifika pamoja nao, atamfungulia mtu wake mlango kwa mkono wake mwenyewe. Inspekta alikata simu, akavuta kiti karibu na kitanda, akatoa karatasi na kalamu.

"Haya, Bibi. Kwa maneno yako."

Bibi alijiweka sawa kwenye mito, mikono juu ya shuka. "Sikuona mlango ukifunguka. Sikuona dumu, sikuona mtu. Nilikuwa humu chumbani tangu asubuhi mpaka moto ulipozimwa." Alingoja kalamu imfikie. "Nilikuwa peke yangu."

"Hilo la mwisho si lazima. Bila hilo linatosha kumtoa."

"Liandike," Bibi alisema. "Kweli nimeshaianza. Niache niimalize."

Inspekta akaliandika.